Kuuziana spea za mtumba mkono kwa mkono bila kugombana

Nina magari ya Toyota IST ya biashara hapa Dar es Salaam, na gari likifika mahali ambapo kulitengeneza ni hasara, nalichinja na kuuza kipande kimoja kimoja. Mimi pia nanunua kwa watu wa namna yangu: jirani aliyegonga, fundi aliyebakiwa na kitu stoo, mama aliyeachiwa gari bovu uani. Ukienda Ilala, Shaurimoyo, unakuta duka, jina la duka na majirani wa duka, kwa hiyo spea ikikusumbua unajua pa kurudi. Sisi hatuna hayo. Kinachotuunganisha na mnunuzi ni yale tuliyoambiana kabla pesa haijatoka mfukoni, ndiyo maana nasisitiza yasemwe yote, na yasemwe mapema.

Anza na namna ya kuuliza. "Dada, gia boksi ya IST bei gani?" Ujumbe kama huo siwezi kuujibu kwa haki. IST ya toleo la kwanza, iliyoanza kutoka 2002, ipo NCP60 yenye injini ya 2NZ ya cc 1300, ipo NCP61 yenye 1NZ ya cc 1500, na ipo NCP65 ambayo ni 1500 pia lakini inavuta matairi yote manne. Gia boksi ya NCP65 haitakaa kwenye NCP61 hata fundi akeshe nayo. Kwa hiyo fungua boneti, kipige picha kile kibati chenye namba za gari, nitumie. Tuma na picha ya spea yako iliyokufa, hasa upande wa soketi. Saiti mira (vioo vya pembeni) zinaweza kufanana kabisa kwa nje, lakini moja ina waya tatu na nyingine ina tano au saba, kwa sababu nyingine inajikunja kwa umeme na nyingine haijikunji. Taa za mbele nazo ni hivyohivyo: angalia pembeni ya kioo, kuna jina la kiwanda, mara nyingi Koito au Ichikoh, na namba ndogo zilizochorwa. Linganisha namba hizo na za taa yako.

Kwenye taa nina neno la ziada, maana ni jambo la uhai. Zipo taa zinazotoka kwenye magari ya Uarabuni na Ulaya yenye usukani kushoto. Zinaingia vizuri, zinawaka vizuri, lakini mwanga wake umekatwa kupanda upande wa kulia, na sisi tunaoendesha kushoto upande huo ndiko anakotokea mwenzetu. Unampofua. Unapokwenda kuangalia taa, omba iunganishwe kwenye betri na imulike ukuta. Ngazi ya mwanga ipande kushoto. Muuzaji anayejua taa yake ni ya usukani kushoto aseme bila kuulizwa.

Hapo ndipo kazi kubwa ya muuzaji ilipo: kuitaja kasoro mwenyewe. Taa imevunjika sikio moja la kufungia boliti na limegundishwa? Piga picha ya sikio hilo kwanza, kabla ya picha nzuri. Bampa limepigwa puti, ule udongo wa kuziba mabonde? Sema. Alternata, ile inayochaji betri, imefunguliwa na kubadilishwa kaboni? Sema nani alifungua na lini. Nimeona mara nyingi kwamba mnunuzi akiambiwa kasoro anapunguza bei kidogo na kuchukua, lakini akiigundua mwenyewe anaondoka, na hata yale ya kweli uliyomwambia hayaamini tena. Sema pia gari lilikufaje. Gari lililogongwa nyuma huwa na injini na rejeta salama. Lililogongwa mbele, injini ikaguliwe vibebeo na koveri ya mbele. Gari lililozama kwenye mafuriko ni habari nyingine kabisa. Hapa Dar mvua za masika zinajulikana, na kontroli boksi (kompyuta ya gari) iliyolowa inaweza kufanya kazi leo na kuzima baada ya mwezi. Vuta soketi yake, tazama pini kwa tochi ya simu. Pini safi zinang'aa. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye mizizi ya pini, iache, hata kama anakupa kwa nusu bei.

Kwa injini iliyoshushwa chini, mnunuzi ana haki ya kufanya mambo kadhaa bila muuzaji kununa. Afungue kifuniko cha oili: ukikuta utando kama maziwa ya chai, maji yamechanganyika na oili. Atoe plagi azitazame. Aizungushe injini kwa spana, asikie kama inazunguka mzunguko mzima bila kukwama. Gia boksi avute kijiti cha kupimia mafuta na kunusa. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yanakwambia klachi za ndani zimeisha. Muuzaji anayesema "ukiishika umeinunua" hataki kuuza, anataka kutua mzigo. Lakini na mnunuzi aombe ruhusa kabla ya kufungua chochote, na alichokifungua akirudishe kama alivyokikuta.

Bei. Msalimie mtu kwanza. "Mwisho bei gani" haiulizwi kabla hujaona kitu. Mkishakubaliana kwa simu na mtu akatoka Mbagala kuja Tabata, ni vibaya sana muuzaji kumwambia kuna mwingine amepanda dau. Na mnunuzi akifika akaikuta spea iko kama ilivyoelezwa, asianze upya kuomba apunguziwe. Ikitokea kasoro ambayo haikutajwa, hapo mazungumzo yanafunguka upya, tena kwa haki. "Nishikie" bila advansi haina nguvu. Mimi humwambia mtu wazi kwamba nitaishika hadi jioni, baada ya hapo naiuza. Na nikipokea advansi, hata akija mwenye kuongeza 50,000, siuzi.

Sasa cha juu cha fundi, yaani pesa anayoipachika juu ya bei ya muuzaji. Huku ndiko urafiki mwingi unakofia. Fundi anampigia muuzaji: "Bosi, rejeta unauza 120,000, mteja wangu akija mwambie 160,000." Muuzaji anakubali kwa sababu fundi atamletea wateja kesho. Mwenye gari anakuja kujua mwezi mmoja baadaye, na kuanzia hapo anawaona wote wawili wezi. Mimi sikatai fundi kulipwa. Amepoteza muda, ametumia ujuzi wake kuchagua, nauli imemtoka. Ninachokataa ni kufichwa. Fundi akinipigia namjibu hivi: "Fundi, bei yangu ni 120,000 kwa yeyote. Mteja akinunua, mimi nitakupa 10,000 ya kwangu, na ninamwambia mbele yako." Wapo walionuna wakaacha kuja. Waliobaki ndio ninaowaamini hata kuwapa spea wakajaribu kabla ya kulipa.

Wewe mwenye gari, timiza upande wako. Unapomwita fundi aende kukukagulia, mwambie kabla ya safari: nauli hii, na kazi yako ya kukagua ni kiasi hiki, tukinunua au tusiponunua. Neno hilo la mwisho ndilo la muhimu. Fundi anayelipwa tu mkinunua atakuta kila gia boksi ni nzima. Na usimuulize fundi mbele ya muuzaji, "Hii si mbovu?" Sogeeni pembeni mzungumze. Kumdhalilishia mtu mali yake mbele yake ili ashushe bei ni tabia ambayo wengi wameizoea, na mimi huiona ni kukosa adabu.

Majaribio yanahitaji makubaliano ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Wangu huwa hivi: "Nimekuuzia alternata ya 1NZ, imetoka kwenye IST iliyogongwa nyuma. Siku tatu za kujaribu. Isipochaji, irudi na alama yangu, pesa yako yote inarudi." Alama naiweka kwa rangi ya kucha sehemu mbili: moja kwenye bodi, nyingine juu ya kichwa cha boliti, ikipita na kugusa bodi. Boliti ikifunguliwa, mstari unakatika. Simtuhumu mtu, alama inamlinda na yeye, maana nami siwezi kumwambia kwamba aliyorudisha si ile niliyompa. Alternata ikishafungwa, pima kwenye betri gari likiwa linaunguruma: volti zikiwa kati ya 13.5 na 14.5 iko sawa. Kontroli boksi sipokei ikirudi baada ya kuunganishwa, kwa sababu hitilafu ya waya kwenye gari lako inaweza kuiunguza siku ileile. Nasema hivyo kabla sijapokea pesa. Kitu kisichorudi kitajwe mapema, la sivyo kinarudi.

Kuhusu mali ya wizi sina upole. Saiti mira na masega ya ekzosi (ya kusafisha moshi) huibiwa kila siku, na mnunuzi wa bei ya kutupa ndiye anayemlipa mwizi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Kuuliza asili ya kitu hakupaswi kumuudhi mtu mwaminifu, ila kuna namna ya kuuliza: "Kaka, naomba picha ya gari lilikotoka, niliweke kwenye kumbukumbu zangu." Mwenye gari lake anayo. Mwenye saiti mira moja ya kulia, waya zimekatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye soketi, hana. Kwa injini usikubali bila karatasi: majina ya wote wawili, namba ya injini, nakala ya kadi ya gari ilikotoka, sahihi, na ikiwezekana mhuri wa Serikali ya Mtaa. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi yako, kwa hiyo ukibadilisha injini peleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi irekebishwe. Usiposhughulikia hilo sasa, utahangaika siku ya kuuza gari.

Mteja wa mkoani anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hamjaonana. Tupigiane simu ya video, nimuonyeshe spea, namba zake na kasoro zake. Anatuma nusu, napeleka mzigo kwenye basi, nampigia picha risiti ya mzigo na namba ya basi, anamalizia. Gia boksi imwagwe mafuta yote na mashimo yazibwe kwa matambara na nailoni, la sivyo itachafua mizigo ya watu na hasara itakurudia. Pesa ikitumwa, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe. Ujumbe wa kupokea pesa unaweza kutengenezwa na tapeli. Na namba ya kulipia ibaki ileile mliyoanza nayo. Ukipata ujumbe wa "tuma kwenye namba hii nyingine", piga simu usikie sauti kwanza.

Mkanda wa usalama uliokuwa kwenye ajali, eabegi, pedi za breki na tairodi endi (kiungo cha usukani na tairi) siuzi wala sinunui za mtumba, kwa bei yoyote.

Mwisho, spea ya zamani iliyotoka kwenye gari lako ni mali yako. Mwambie fundi kabla hajashika spana kwamba utaondoka nayo. Alternata iliyokufa ina mtu anayetafuta puli yake, na gia boksi mbovu ina koveri na sensa ambazo bado ni nzima. Ukiiuza, andika wazi: "Mbovu, inauzwa kwa vipande."