Kuchagua katamarani ya mashindano ya mtu mmoja ukiwa na mwili mzito

Ukiwa na kilo 90 kwenda juu, anza na mzani kabla ya kuuliza bei. Jipime ukiwa umevaa jaketi la kuokolea na mkanda wa trapezi (waya wa mlingoti unaokushikilia ukining'inia nje ya chombo), na nguo zikiwa zimelowa. Hesabu itumie uzito huo.

Katamarani ni chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa boriti. Ikiinua mtumbwi mmoja hewani, mzigo wote hulalia ule uliobaki majini. Mtumbwi wa urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 30, ukitoa ncha zake, hukalia kama mita moja ya mraba ya maji. Kilo 25 zaidi huuzamisha karibu sentimita 2 na nusu. Usidharau hizo sentimita: ndizo zinazofanya omo, yaani ncha ya mbele, lichimbe wimbi badala ya kulipanda. Likichimba, tezi, yaani sehemu ya nyuma, hupaa, chombo hupinduka kwa mbele, nawe unarushwa mbele ukiwa kwenye waya wako wa trapezi.

Hobie 14, yenye mita 4.27, waachie wepesi. A-Class, nayo ya mtu mmoja, ina mita 5.49, tanga la mita za mraba 13.94 na uzito usiopungua kilo 75. Kusi inapovuma, mzito kwenye trapezi hulizuia tanga zima hali wepesi wanalegeza demani, kamba ya kuvutia tanga. Lakini wakati wa maleleji, upepo ukiwa pumzi tu, watakupita. Hobie 16 iliundwa kwa watu wawili, kwa hiyo uzito wako inaubeba. Tabu ni kuiinua peke yako ikilala: chukua mfuko wa maji wa lita 30, uutundike mgongoni unapovuta kamba. Kwa maoni yetu, mzito atazame kwanza aina nyingine mbili, Dart 18 au F16. Dart haina mbao za kuteremsha kati ya mtumbwi, jambo kubwa kati ya Nyali na Shanzu, pwani ya Mombasa: maji ya bamvua yakipwa, mbao hugonga matumbawe na kupasua kasha zinamopita.

Usinunue bila jaribio hili. Peleka chombo kwenye maji ya kiuno, bahari ikiwa shwari. Keti pale utakapoketi kwenye upepo wa mbisho (ukienda kuukabili upepo), mwenzako asimame nyuma akitazama. Ukingo wa chini wa tezi uguse maji tu. Ukingo huo ukizama, chombo kikienda kitaburuta maji yanayochemka nyuma; sogea mbele kidogo kidogo mpaka ukingo utoke majini. Sasa mwenzako azunguke mbele: je, omo bado limesimama juu vya kutosha? Kama hakuna mahali pa kuketi panaporidhisha pande zote mbili, chombo ni kidogo kwako, hata kikiwa kipya.

Kwa chombo kilichotumika, bonyeza sitaha kwa kiganja karibu na boriti ya mbele, na ugonge kwa sarafu. Sauti ya kufa, au faibaglasi inayobonyea, ni dalili kwamba matabaka yameachana. Kagua pia boliti za boriti na waya wa trapezi. Uzi mmoja uliokatika unatosha kuubadilisha waya mzima, kwa kuwa uzito wako wote unaning'inia hapo.

Mwisho fungua vizibo, uinamishe kila mtumbwi mpaka ukauke. Lita 10 zilizobaki ndani hazitulii: chombo kikiinama mbele, zote hukimbilia omoni.