Una grinkadi ya Marekani (kadi ya ukazi wa kudumu) na unataka kukaa sana nyumbani? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kuna uongo mmoja unazunguka sana kwa sisi wenye grinkadi, eti ukirudi Marekani kila baada ya miezi sita, ukakaa hata wiki moja halafu ukageuza, kadi iko salama. Thubutu. Wale jamaa wa uhamiaji hawahesabu safari tu, wanaangalia maisha yako yako wapi. Kama nyumba, mke, biashara na ng'ombe vyote viko Morogoro na Marekani unakuja kugongewa muhuri tu, ofisa akikubana anaweza kusema ulishahama zamani, hata kama hujawahi kufikisha hiyo miezi sita nje.

Mimi nilijua hili baada ya kukaa Tanga miezi minane namuuguza mama. Nimetua, nimechoka, miguu imevimba, ofisa anaangalia pasipoti anauliza ulikuwa wapi muda wote huu, mara nikapelekwa chumba cha pembeni, nikakaa humo karibu masaa matatu. Kilichoniokoa ni bahasha ya kaki. Dada yangu alinikomalia niende steshenari nikaprinti kila kitu kabla ya safari, nikawa nalalamika ananipotezea hela: barua ya hospitali ya mama, mkataba wa nyumba ninayopanga kule, ritani ya kodi ya mwaka uliopita, na barua ya bosi kwamba kazi bado ipo. Ofisa akasoma ile ya hospitali taratibu mpaka mwisho, akanipa pole, akaniachia. Baadaye ndio nikaelewa kwamba ukipitisha siku 180 mfululizo nje, kisheria unahesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, ndio maana maswali yanakuwa mengi.

Sasa kama unajua kabisa utakaa mwaka au zaidi, omba kibali cha kurudi, wenyewe wanakiita rientri pamiti, fomu yake ni I-131. Hapa ndipo watu wanapolia: siku unayoituma lazima uwe ndani ya Marekani, huwezi kukumbuka ukiwa umeshafika Dar ukaanza kujaza. Halafu USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wanakuita kwenye alama za vidole, barua inakuja kwenye anuani yako ya Marekani, na kama umeshasepa bila kupiga vidole ombi linaweza kukataliwa. Kwahiyo tuma miezi kadhaa kabla ya safari, maliza mambo ya vidole, ndio uondoke. Kibali chenyewe sio lazima ukisubirie huko, kwenye fomu unaweza kuomba kitumwe ubalozi wa Marekani ukakichukulie hapo. Kwa kawaida kinadumu miaka 2 na hakiongezwi muda, ukitaka kingine unarudi Marekani unaanza upya, na ukiwa umekaa nje zaidi ya miaka 4 katika 5 iliyopita, mara nyingi wanakupa mwaka 1 tu. Na usibweteke nacho, kinasaidia kuonyesha ulikuwa na nia ya kurudi ila hakimfungi ofisa mdomo.

Umeshapitisha mwaka na huna kibali? Kadi peke yake haitoshi tena kukuingiza, na unaweza kukwama hapohapo kwenye kaunta ya ndege. Njia iliyopo ni viza ya mkazi anayerudi, SB-1, unaanza na fomu DS-117 ubalozini, na unatakiwa uonyeshe kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Ugonjwa mzito wanaweza kukuelewa. "Fundi alinichelewesha kupaua" usitegemee sana.

Kodi nayo watu wanaichukulia poa kumbe ndio inawamaliza. Ukiwa nje bado unajaza fomu ya kodi ya Marekani, 1040, kama mkazi na unataja mapato ya dunia nzima, hata hela ya pango ya vyumba vyako vya Mbagala. Ukijifanya mjanja ukajaza 1040-NR ya wasio wakazi, umewaandikia kwa mkono wako kwamba huishi tena Marekani. Na hela zako kwenye benki za huku, jumla zikivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna ripoti inaitwa FBAR, itume.

Wenye kadi ya miaka 2 ya ndoa, pamiti haiwaondolei fomu I-751, ile ya kuondoa masharti ya kadi, inatumwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha hata kama uko Kigoma.

Na mnaowaza uraia: pamiti inalinda kadi, hailindi hesabu ya miaka 5 ya kuishi Marekani mfululizo kabla ya kuomba uraia. Ukipitisha miezi 6 nje kwa mkupuo wanachukulia mfululizo umekatika mpaka uthibitishe vinginevyo, ukifika mwaka umekatika kweli.

Sasa siku ya kurudi, ofisa akikuletea karatasi ya I-407 usisaini kwa uchovu, kusaini ni kuisalimisha kadi mwenyewe. Sema kwa adabu unataka kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, mpaka kesi iishe wewe bado ni mkazi. Na bahasha iwe kwenye begi la mkononi, lile kubwa unalikuta mbele baada ya kuvuka kwa ofisa, pale kwenye dirisha halitakusaidia kitu.