Istanbul kwa siku tano: panga safari yako kufuata maji

Mtu akiniambia anaenda Istanbul cha kwanza kumuuliza sio hoteli gani wala bajeti kiasi gani, namuuliza siku ngapi atakua upande wa Ulaya na siku ngapi upande wa Asia, na wengi wanashangaa maana kwenye mpango wao Asia haipo kabisa. Hapo ndo safari inapoharibika mapema. Huu mji umekatwa na maji, Bosphorus inapita katikati kama kilomita 30 hivi kutoka Bahari Nyeusi mpaka Bahari ya Marmara, alafu upande wa Ulaya nao umekatwa tena na ghuba ya Haliç, ile wanayoiita Pembe ya Dhahabu. Ukienda na orodha ya vivutio kumi uliyoitoa mtandaoni na kuifuata namba kwa namba utajikuta unavuka maji mara nne kwa siku, nusu ya muda umekwama kwenye foleni ya magari na umechoka hoi. Ukipanga kila siku kipande kimoja cha mji na maji ndo mpaka wako, unaona vingi zaidi, unakula vizuri na jioni bado una nguvu ya kutembea.

Kabla ya yote, muda. Aprili na Mei, au Septemba mpaka Oktoba. Mwezi wa nne tulipu zinachanua kwenye bustani ya Emirgan na hali ya hewa bado ya koti jepesi. Julai na Agosti joto na watu wamejaa kila kona, na baridi ya Januari inakuja na mvua na mara nyingine theluji. Mambo ya viza angalia tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki yenyewe, kuna tovuti nyingi zinazofanana nayo zinakutoza hela zaidi kwa kitu kile kile. Na usibebe bei ulizosoma miaka miwili nyuma, lira imeshuka sana na bei zinapanda haraka, kadiria juu kidogo.

Ukifika, cha kwanza nunua Istanbulkart. Mashine za njano zipo uwanja wa ndege, vituo vya metro na kwenye magati, unaijaza hela na inafanya kazi kwenye metro, tramu, basi na feri. Kadi moja ya kawaida mnaweza kugongea zaidi ya mtu mmoja, mnapeana tu pale getini. Kitu ambacho wageni wengi hawajui, kwenye Marmaray, ile treni inayopita chini ya Bosphorus tangu 2013, unakatwa nauli ya safari ndefu kabisa ukiingia, alafu ukitoka kuna kimashine pembeni unagonga kadi tena na kiasi ambacho hukukitumia kinarudi. Watu wanapita bila kugonga na hela inabaki huko. Kutoka uwanja mkubwa wa ndege upande wa Ulaya kuna metro ya M11 inakuingiza mjini, na kama umeshukia Sabiha Gökçen upande wa Asia chukua M4 moja kwa moja mpaka Kadıköy. Teksi zipo, za njano, ila hakikisha mita imewashwa kabla gari halijaondoka.

Kulala: wengi wanakimbilia Sultanahmet, mtaa wa mji mkongwe, kwa sababu ya Ayasofya, lile kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti. Mi nashauri Karaköy, upande wa Ulaya ng'ambo ya Haliç, au Kadıköy upande wa Asia. Sultanahmet usiku inapoa sana na chakula cha jirani ni cha kitalii, wakati Karaköy gati lipo hapo hapo na tramu ya T1 inakupeleka Sultanahmet kwa dakika chache tu.

Siku ya kwanza maliza mji mkongwe ili roho itulie. Amka mapema. Namaanisha mapema kweli, uwe uwanjani Sultanahmet kabla ya saa tatu asubuhi maana mabasi ya vikundi yakishafika foleni ya Ayasofya inazunguka. Ayasofya ilijengwa kati ya 532 na 537 enzi za mfalme Justinian wa Bizanti, ikawa kanisa karibu miaka elfu, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kwa sasa mtalii anapanda ghorofa ya juu kwa tiketi, na bei yake kiukweli ni kubwa, ila ukisimama pale juu karibu na michoro ya vigae vya dhahabu ukaangalia lile kuba limekaa kama halijashikwa na kitu utaelewa kwa nini watu wanalipa. Msikiti wa Sultanahmet wenye minara sita upo ng'ambo ya uwanja na ni bure, vua viatu, mabega na magoti yafunikwe, wanawake mtandio, na muda wa swala watalii wanasubiri nje, Ijumaa ndo kabisa mpaka baada ya swala ya mchana. Kasri la Topkapı linafungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe linafungwa Jumatatu, Kapalıçarşı lile soko kubwa la ndani linafungwa Jumapili. Andika hizo siku tatu mahali, nimeona watu wamesafiri masaa mengi wakakuta mlango umefungwa.

Ushauri wangu, usiingie kila kitu cha tiketi. Chagua viwili. Mi ningechagua Ayasofya na Yerebatan, ile hifadhi ya maji ya chini ya ardhi yenye nguzo 336, na huko mwisho kabisa kuna vichwa viwili vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vimewekwa chini ya nguzo, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa. Baada ya hapo tembea kwa mguu kupanda mpaka Süleymaniye, msikiti uliojengwa na msanifu Mimar Sinan ukamalizika 1557. Kuingia bure, watu wachache, na nyuma kuna uwanja wenye ukuta mfupi unaona Haliç yote chini na feri zinapishana. Alafu mkabala na msikiti kuna safu ya vibanda vinavyouza maharage tu, kuru fasulye, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwenye mchuzi wa nyanya na siagi, wali pembeni, kitunguu na achari. Kaa nje. Hicho ndo chakula changu cha mchana cha kwanza kila nikienda na sijawahi kujutia.

Hapa niwaonye vitu viwili. Mi nilikua natembea karibu na daraja la Galata, mng'arisha viatu kapita mbele yangu na brashi ikamdondoka, nikaiokota nikamkimbilia, akashukuru sana akasisitiza anisafishie viatu kama asante, alivyomaliza akataka hela nyingi na sauti ikabadilika. Ile brashi haidondoki kwa bahati mbaya. Ukiiona, mwite tu kwa sauti aiokote mwenyewe na uendelee na safari. Cha pili mgahawa wowote ambao menyu haina bei, inuka. Nililetewa mkate na visahani vidogo ambavyo sikuviagiza na vyote vikaingia kwenye bili, na siku ile iliniuma kweli maana ilikua hela ya siku nzima.

Sasa siku ya pili ndo kiini cha safari. Nenda Eminönü, magati ya upande wa mji mkongwe, panda feri ya kwenda Kadıköy. Sio boti ya watalii yenye spika na mtu anakuita kwa mkono, nazungumzia feri ya kawaida ya wananchi unayogonga kadi, dakika 20 na kitu hivi. Kaa nje. Ukienda, upande wa kulia unaona Topkapı na kuba za mji mkongwe zinarudi nyuma, upande wa kushoto unaona Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama peke yake majini, alafu kituo cha zamani cha treni cha Haydarpaşa kilichojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kimekaa ukingoni kabisa. Muuza chai anapita na sinia, glasi ndogo zenye kiuno chembamba kama ua la tulipu, chai nyekundu haina maziwa, sukari vipande viwili kwenye kisahani. Shika glasi juu kwenye mdomo wake maana chini inaunguza. Kama ulinunua simit gatini, ile mikate ya duara yenye ufuta, shakwe watakufuata mpaka ng'ambo, wanadaka kipande hewani bila kugusa mkono. Mimi nimeshapanda ile feri sijui mara ngapi na kila mara naweka simu mfukoni.

Kadıköy yenyewe ingia sokoni tu, mitaa iliyo nyuma ya gati, samaki, zeituni, jibini, achari za rangi zote. Kula ukitembea. Kuna midye dolma, kome waliojazwa wali wenye viungo, na ulaji wake una utaratibu: muuzaji anafungua gamba, analivunja la juu analitumia kama kijiko, anakamulia limau, anakupa. Ukimaliza anakupa jingine. Ataendelea kukupa mpaka umwambie basi, alafu mnahesabu magamba ndo unalipa, kwa hiyo uliza bei ya moja kabla hujaanza. Nunua kwa mwenye wateja wengi, na joto likiwa kali la kiangazi waache. Lahmacun nayo kula hapa, unga mwembamba na nyama ya kusaga juu, weka kotimiri na limau, ukunje. Mchana tafuta esnaf lokantası, hizi ni sehemu za wafanyakazi na wenye maduka, vyakula vimepangwa kwenye masinia nyuma ya kioo na wewe unanyoosha kidole tu, biringanya, kondoo, supu ya dengu. Hamna haja ya kujua Kituruki. Jioni tembea mpaka mtaa wa jirani wa Moda ukakae kwenye nyasi ufukweni na wenyeji, au panda basi uende Üsküdar ukakae kwenye ngazi za Salacak mkabala na Kız Kulesi, jua linazama nyuma ya minara ya upande wa pili. Fika lisaa limoja kabla jua halijazama, ngazi zinajaa.

Siku ya tatu toka mjini. Nenda Adalar, visiwa vilivyopo Bahari ya Marmara. Feri zinaondoka Kabataş, Eminönü na Kadıköy pia, zinasimama Kınalıada, Burgazada, Heybeliada, mwisho Büyükada ambacho ndo kikubwa. Nenda siku ya kazi, wikiendi ya kiangazi sikushauri hata kidogo, feri inashona watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Magari binafsi hayaruhusiwi, na mikokoteni ya farasi iliondolewa 2020 yakaletwa magari ya umeme, ila wewe kodi baiskeli au tembea. Cheki breki kabla ya kulipa, vilima vipo. Panda mpaka kanisa la Aya Yorgi juu ya kilima, njia ya mawe ya mwisho ni kali haswa na baiskeli utaiacha chini. Tarehe 23 Aprili na 24 Septemba maelfu ya watu wanapanda hiyo njia kuomba, Waislamu kwa Wakristo, wengine wanafungua uzi wa rangi kuanzia chini mpaka juu bila kuongea neno, na ukienda siku zinazofuata utakuta nyuzi zimetanda kwenye vichaka vyote. Juu unaona visiwa vyote na mji mrefu usioisha ng'ambo. Kuna jengo la zamani la yatima la Wagiriki pia kati ya misonobari, la mbao tupu, kubwa mno, limefungwa na limechakaa ila hata kuliangalia kwa nje inatosha. Beba maji na kitu cha kula, migahawa ya gatini ni ghali. Na piga picha ratiba ya feri za kurudi ukishashuka tu.

Ya nne, kama unapenda kupanda vilima, chukua feri ndefu ya Bosphorus inayotoka Eminönü asubuhi mpaka Anadolu Kavağı, kijiji cha mwisho karibu na Bahari Nyeusi. Njiani unapita Rumeli Hisarı, ngome iliyojengwa 1452 pale maji yanapobana mpaka kama mita 700 tu. Ukishuka usikae kwenye migahawa ya mwanzo, panda kwanza mpaka ngome ya Yoros, nusu saa hivi kwa mguu, uone Bahari Nyeusi inavyofunguka, ndo ushuke ule samaki. Wanaopenda kukimbia wao wana msitu wa Belgrad, njia ya Neşet Suyu inayozunguka kama kilomita 6, kivuli mwanzo mwisho.

Siku ya mwisho usipange kitu kikubwa. Nenda Beşiktaş ule kahvaltı, kuna mtaa mzima wa vyakula vya asubuhi: jibini aina tatu nne, zeituni, nyanya, menemen ya mayai inayochemka kwenye kikaango, na malai nzito juu yake asali, unachovya na mkate wa moto. Chai inajazwa tu. Tenga masaa mawili ya hii, wawili mnaagiza sahani moja ya kushea na inabaki. Ukishiba shuka gatini ni dakika tano, na kama ndege ni ya usiku begi umeliacha hotelini, vuka tena ng'ambo na urudi. Ukirudi kutoka Kadıköy kuelekea Eminönü jua likiwa linashuka, kaa upande wa kushoto.