Jinsi ya kuwaunganisha walezi wa vijana wa makanisa tofauti Unguja

Vijana wetu walishaungana zamani. Mkatoliki, Mwanglikana na Mpentekoste wanapanga nyumba moja Nungwi na kuingia zamu moja hotelini. Walezi wao ndio hawajuani, na hilo linaniuma.

Hatua ya 1: Omba ruhusa. Mwone paroko, mchungaji au baraza la wazee kabla ya mtu yeyote. Wakubwa wakija kulisikia jambo lenu mtaani, limekufa.

Hatua ya 2: Wafuate wenzio mmoja mmoja, usiwaite kikaoni. Kutoka Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, hadi Minara Miwili, Kanisa Kuu la Katoliki, ni mwendo wa miguu tu. Jifunze salamu zao: ukiambiwa "Tumsifu Yesu Kristo", itikia "Milele na milele, amina"; ukiambiwa "Bwana Yesu asifiwe", itikia "Amina". Mlango hufunguka hapo hapo.

Hatua ya 3: Wekeaneni agano la kutochukuliana vijana. Hapa ndipo ushirikiano mwingi huvunjikia, kwa hiyo msiharakishe hata mkihitaji vikao kadhaa. Andikeni ukurasa mmoja: shughuli ya pamoja haina wito wa kuhama kanisa, haina ubatizo, haina kuchukua namba za simu za vijana wa mwenzako kwa siri. Kijana akikufuata mwenyewe, msikilize, kisha kwa ridhaa yake zungumza na mlezi wake. Mtu mzima ana hiari yake, lakini asivutwe. Mijadala ya ubatizo wa watoto na kunena kwa lugha iacheni kwanza. Hamjaaminiana vya kutosha.

Hatua ya 4: Chagueni kazi moja. Mimi ningeanza na vijana wa hoteli za Nungwi na Paje, maana Jumapili wengi wako kazini na kanisa la dhehebu lao huenda liko mbali. Wekeni jioni moja katikati ya wiki, mlezi aliye karibu awapokee wote, kila mmoja abaki wa kanisa lake. Msipange kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, mtawaacha Wasabato nje. Mjulisheni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, mapema. Ramadhani msipike wala kula hadharani mchana, na spika zibaki ndani. Majirani zetu wamefunga.

Hatua ya 5: Fedha. Kila kanisa litoe kiasi sawa, na watia saini watoke makanisa tofauti.

Hatua ya 6: Sasa salini pamoja. Wengi huanza na mkesha, nami naona wanakosea: ibada ya pamoja hubebwa na watu wanaojuana. Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari, linafaa sana. Mkipewa nafasi katika Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, waombeeni pia waliouzwa pale. Fanyeni Neno, nyimbo na maombi, bila Meza ya Bwana, kwa kuwa taratibu zetu hapo hazijakutana. Somo litoke kitabu kilichomo katika Biblia za wote, na asiongoze yule yule kila mwaka.