Jinsi ya kulinganisha mauaji ya wahamiaji na ya nchi walikotoka

Tangu serikali ihamie Dodoma mji umejaa watu wa kila mkoa, na likitokea tukio baya tu mtaani utasikia "hao ni wageni hao". Ulaya na Marekani maneno ni hayohayo ila wao wanayavalisha takwimu, kwamba fulani katoka nchi yenye mauaji mengi kwahiyo na yeye yuko hivyo. Mimi naona ni uonevu kuhukumu watu kwa hesabu ambayo hata haijakaa sawa, so kama unataka kuipiga mwenyewe fanya hivi.

Kwanza acha idadi tupu, tafuta kiwango kwa watu 100,000. Mkoa wa Dodoma kwa sensa ya 2022 una watu 3,085,625, tuseme (mfano tu huu) wameuawa 60 kwa mwaka, gawa 60 kwa hiyo idadi ya watu halafu zidisha kwa 100,000 unapata kama 1.9. Simu yako inatosha kabisa.

Sasa hapa ndo wengi wanaanguka. Kiwango cha nchi kinachotolewa na UNODC, lile shirika la Umoja wa Mataifa, kinahesabu WALIOUAWA ndani ya nchi ile. Takwimu za wahamiaji mara nyingi zinahesabu WALIOUA, yaani watuhumiwa au waliotiwa hatiani. Ukiweka hizo mbili kwenye jedwali moja umelinganisha marehemu na mfungwa, na mtu mmoja anaweza kuua watano, au watano wakashtakiwa kwa kifo kimoja, na kuna nchi kesi nyingi hazipati mtuhumiwa kabisa. Ukikosa data za aina moja pande zote mbili basi liandike hilo juu kabisa ya jedwali, usilifiche chini.

Halafu angalia mwaka. El Salvador 2015 ilikuwa zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000, ila 2024 serikali yao ikatangaza 1.9. Nchi ni ileile! Ukichagua mwaka unaoutaka unapata jibu unalolitaka. Na Wasalvador wengi walioko Marekani waliondoka kwao zamani, wengine wakikimbia vita ya miaka ya 80, sasa utampima kwa mwaka gani? Chukua wastani wa miaka kadhaa, ileile kwa pande zote.

Bado kuna umri na jinsia. Duniani watuhumiwa wa mauaji kama 9 kati ya 10 ni wanaume, na wengi ni vijana, na wanaohama kutafuta maisha mara nyingi ni haohao vijana wa kiume. Kwahiyo linganisha wanaume wa rika moja na wa rika hilohilo, usiweke vijana wa kazi upande mmoja na taifa zima lenye bibi na watoto upande wa pili.

Maana ya kosa nayo uikague. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia na cha 196 ni kuua kwa kukusudia, UNODC wanataka mauaji ya makusudi na vifo vya vitani hawaviweki. Pia soma vizuri waliotoa takwimu za wahamiaji wanamwita nani "mhamiaji", aliyezaliwa nje au asiye na uraia wa nchi anayoishi, maana aliyezaliwa nje akapata uraia anahesabika kwa maana ya kwanza, kwa ya pili hayumo.

Mwisho jamii ndogo. Wakiwa watu 20,000, kifo kimoja tu kinakupandisha kutoka 0 hadi 5, na mwakani unarudi 0. Jumlisha miaka kumi, na idadi halisi ya matukio iandike pembeni ya kiwango ili anayesoma aone umegawa nini kwa nini.