Jinsi ya Kuoka Biskuti za Siagi za Kuwazawadia Ndugu na Marafiki

Kinachookwa kwa ajili ya zawadi kina sharti moja ambalo kinacholiwa mezani siku hiyohiyo hakina: mwokaji hajui kitafunguliwa lini. Mpokeaji anaweza kulifungua kopo papo hapo mlangoni, au akaliweka kabatini hadi wiki ijayo, na kwa vyovyote vile inapendeza akute kitu kilekile kilichotoka kwenye oveni. Keki yenye krimu huhitaji friji na haivumilii safari, na mkate huanza kukauka kesho yake. Biskuti za siagi zisizo na yai zina unyevu mdogo sana, na zikifungwa vizuri katika kopo lisilopitisha hewa hukaa wiki mbili hadi tatu bila kuharibika ladha. Ndiyo sababu ninapoombwa ushauri wa zawadi ya kutengeneza nyumbani, huanza na hizi.

Vipimo

Uwiano wa kukumbuka ni 1:2:3 kwa uzito, yaani sehemu moja ya sukari, mbili za siagi na tatu za unga wa ngano. Kwa takriban biskuti 24, tumia gramu 100 za sukari laini, gramu 200 za siagi, gramu 300 za unga usio na hamira wala baking poda, na robo kijiko cha chai cha chumvi ikiwa siagi yenyewe haina chumvi. Ukitaka biskuti zenye kumumunyika zaidi, punguza gramu 50 za unga wa ngano na uweke unga wa mchele mahali pake. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu unga ulioshindiliwa kikombeni huzidi kwa kiasi kikubwa ule uliomiminwa taratibu.

Usibadilishe siagi kwa majarini ili kuokoa fedha za kununulia boksi zuri. Viungo ni vichache, hakuna kinachoweza kuficha kingine, na anayekula huonja siagi kabla ya kuonja kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Kutia harufu

Hatua hii unaweza kuiruka, ila mimi siiruki. Kwangua ganda la limau moja au chungwa moja, ukichukua ile sehemu yenye rangi tu na kuiacha nyeupe iliyo chini yake, ambayo ni chungu. Changanya maganda hayo na sukari, kisha yafikiche kwa ncha za vidole kwa dakika moja au mbili. Chembe za sukari hukwaruza maganda na kuyatoa mafuta yake. Utaiona sukari ikilowana kidogo, ikibadilika rangi na kushikana kama mchanga wenye umande, na harufu itajaa jikoni. Usitumie maji ya tunda lenyewe, kwani unyevu huo utaharibu biskuti.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Siagi iwe laini lakini isiwe imeyeyuka: ukiibonyeza, kidole kiache alama bila kuzama. Ichanganye na sukari kwa mwiko mpaka vishikane tu. Wengi waliozoea keki hupiga siagi na sukari hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, jambo ambalo hapa halitakiwi, kwa kuwa hewa nyingi hufanya biskuti zitambae na kupoteza umbo zikiwa ndani ya oveni.

Chekecha unga na chumvi juu ya siagi, kisha changanya. Mwanzoni utapata chembechembe kavu zinazoonekana kama hazitashikana kamwe, na hapo ndipo wengi hushawishika kuongeza maziwa. Usiongeze chochote. Zikusanye kwa kiganja na kuzibana taratibu. Joto la mkono litalainisha siagi na donge litajiunda lenyewe. Likishikana, acha hapo hapo, maana kulikanda zaidi hukuza gluteni, yaani protini ya ngano inayoshikanisha unga, na biskuti hutoka ngumu. Usionje donge bichi, kwa sababu unga ambao haujapikwa unaweza kuwa na bakteria, hata kama hakuna yai ndani yake.

Hatua ya 3: Kusukuma na kukata

Weka donge kati ya karatasi mbili za kuokea na ulisukume hadi unene wa sentimita 1. Karatasi hizo hukuepusha na kunyunyiza unga wa ziada, ambao hukausha biskuti. Liweke kwenye friji kwa dakika 30, kisha likate kwa kikatio au kwa mdomo wa glasi ndogo. Chomachoma kila biskuti kwa uma ili mvuke upate pa kutokea, zipange kwenye trei, na uzirudishe kwenye friji wakati oveni inapata moto. Siagi baridi huchelewa kuyeyuka, na kingo hubaki zimenyooka.

Hatua ya 4: Kuoka na kupoza

Oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 25. Zitoe kingo zinapoanza kuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia huku katikati kukiwa bado kweupe. Zitakuwa laini ukizigusa, wala hilo si dalili ya kutoiva, kwani siagi hugandana kadiri zinavyopoa. Ziache kwenye trei kwa dakika 10, kisha zihamishie kwenye wavu wa kupozea kwa angalau saa nzima.

Saa hiyo isipunguzwe hata kama mgeni yuko njiani. Biskuti yenye uvuguvugu mdogo tu huendelea kutoa mvuke, na kopo likishafunikwa mvuke huo hugeuka matone chini ya kifuniko, kisha hurudi kwenye biskuti na kuzilegeza zote. Kabla ya kufunga, vunja moja katikati: ikikatika kwa mlio mkavu na ndani kusiwe na joto lolote, ziko tayari.

Hatua ya 5: Kufunga

Kopo la bati au chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana hufaa kuliko boksi la karatasi, ambalo hupitisha unyevu. Tandika karatasi ya kuokea kati ya safu moja na nyingine, na ujaze nafasi za juu kwa karatasi iliyokunjwakunjwa ili biskuti zisigongane safarini. Usizichanganye na keki au biskuti laini katika kopo moja, kwa kuwa unyevu huhama kutoka kwenye laini kwenda kwenye kavu, nazo harufu huambukizana.

Utepe ni hiari, lebo si hiari. Andika viungo vyote, tarehe ya kuoka, na kwamba ndani mna ngano na maziwa. Kama vyombo ulivyotumia vimegusa karanga au njugu nyingine, taja pia, kwa maana mzio wa vyakula unaweza kuhatarisha maisha.

Ikiwa una watu wengi wa kuwazawadia, viringisha donge liwe na umbo la gogo, lifunge vizuri na uliweke kwenye friza, ambako hukaa hadi miezi mitatu. Siku moja kabla ya kutoa zawadi, liache lilegee kidogo, likate vipande na uoke, ukiongeza dakika mbili au tatu. Na kama biskuti zitalegea baada ya kopo kufunguliwa mara kwa mara, dakika 5 katika oveni ya nyuzi 150 huzirudishia ukavu wake, mradi zipozwe tena kabla ya kurudishwa koponi. Maelekezo hayo pia huyaandika nyuma ya lebo.