Maharage ya usiku kucha

Wenye jungu la umeme la kupikia taratibu, tafadhali msimwage maharage mekundu humo yakiwa mabichi. Yaloweke tangu asubuhi, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa maji mapya, moto mkali, dakika 10. Moto mdogo peke yake hauondoi sumu yake, na tumbo litakuuma kwelikweli.

Baada ya hapo tupia chochote kilichobaki kwenye kapu la Kariakoo: nyanya zilizoanza kulegea, kitunguu, karoti, hoho. Maji yayafunike tu. Acha moto mdogo masaa 8 hivi, ulale zako. Tui zito tia alfajiri, dakika za mwisho, maana likichemka sana hukatika. Kwa chapati za jana, ni tamu mno!